Mtu Ambaye Hakufika Kabaa

Msomaji kijana, siku moja mwanafunzi wangu aliniuliza, "Mwalimu, huyu Libermann alifika Kabaa mwaka gani?" Nilimjibu kwamba hakufika kamwe, wala Kabaa, wala Mombasa, wala pwani yoyote ya Afrika. Alishangaa, na mshangao wake ndio ulionitia hamu ya kuandika habari hizi.

Kabaa ni mahali katika Mwala, Machakos. Mto Athi hauko mbali, wala Kilima Mbogo hakiko mbali mno. Nchi ni ya Ukambani hasa: mvua ni ya kubahatisha, na mwenye ng'ombe aijua thamani ya kila kisima. Hapo ndipo mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipojenga misheni katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na mwaka wa 1925, chini ya Padre Michael Witte, wakafungua shule ambayo sifa zake zilienea mbali. Mwaka wa 1940 masomo ya juu yalihamishiwa Mang'u, lakini Kabaa haikukoma kufundisha. Tom Mboya, mtoto wa Kijaluo ambaye babaye alifanya kazi katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, alipata masomo yake ya kwanza hapo, kati ya watoto wa Kikamba, akaijua na lugha yao.

Basi, mapadre hao walitumwa na shirika gani, na aliyelitia roho ni nani?

Shirika lenyewe lilianzishwa mjini Paris mwaka wa 1703 na kijana Claude Poullart des Places, ambaye alifariki dunia miaka sita tu baadaye. Lakini kufikia katikati ya karne ya 19 lilikuwa limedhoofika sana. Aliyelihuisha, hata wengi wakamhesabu kuwa mwanzilishi wa pili, ni Francis Libermann.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jacob. Alizaliwa mwaka wa 1802 katika mji wa Saverne, jimbo la Alsace, Ufaransa. Babaye alikuwa rabi wa Wayahudi, mtu mwenye elimu na mwenye ukali, naye alikusudia mwanawe amrithi kazi hiyo. Kijana akapelekwa Metz kuisoma Sheria. Huko imani yake ikaanza kutikisika. Hatimaye akaenda Paris, na katika mkesha wa Noeli ya mwaka wa 1826 akabatizwa. Fikiri, msomaji, jambo hilo lilikuwa na maana gani katika nyumba ya rabi. Sisi wa Ukambani twajua uzito wa mzee kumwona mwanawe akiiacha njia ya mababu. Huenda babu yako mwenyewe alikuwa mmojawapo wa wana hao, au wa wazee hao.

Libermann akaingia seminari ili awe padre. Ndipo, mwaka wa 1829, alipokuwa karibu kupokea daraja ya ushemasi mdogo, akaanguka kifafa. Kwa sheria za Kanisa za wakati ule mwenye kifafa hakuweza kupewa upadre. Wenziwe wakapadirishwa, wakaenda zao. Yeye akabaki seminarini akifanya kazi ndogo ndogo na kuwatumikia wanafunzi wapya. Hakuwa padre, wala hakuwa mwanafunzi. Hakuwa na nyumba ya babaye ya kurudia. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi. Mimi naona kwamba miaka hii ndiyo iliyomfanya kuwa kama alivyokuwa, kuliko vitabu vyote alivyosoma.

Kati ya wanafunzi waliomzoea walikuwamo vijana wawili waliokuwa na habari za visiwa. Frédéric Le Vavasseur alitoka kisiwa cha Bourbon, kiitwacho sasa Réunion, na Eugène Tisserant alikuwa na asili ya Haiti. Hao walijua maisha ya watumwa weusi katika mashamba ya miwa, nao wakataka liundwe kundi la mapadre wa kuwahudumia. Libermann akaungana nao. Akaenda Roma, akaishi maisha ya kimaskini, akaandika mpango wa kazi hiyo, akangoja. Maradhi yakapungua, mnamo Septemba 1841 akapadirishwa mjini Amiens, na mwezi ule ule akafungua nyumba ya malezi karibu na Amiens.

Mwaka wa 1843 akatuma kundi lake la kwanza pwani ya magharibi ya Afrika. Ndani ya miezi michache homa iliwaua wengi wao. Katika mapadre hao, Jean-Rémi Bessieux ndiye aliyesalia akaendelea na kazi huko Gabon. Libermann, aliyekuwa akilindwa na kuta za nyumba yake Ufaransa, alilazimika kubeba habari za vifo vya vijana aliowatuma yeye mwenyewe.

Katika barua aliyowaandikia wanashirika wa Dakar na Gabon mnamo Novemba 1847, aliwaonya wasiwahukumu watu kwa desturi walizoziona Ulaya. Aliwataka wavue Uzungu wao, wawe weusi kwa weusi, na wajihesabu kuwa watumishi mbele ya mabwana zao. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amewaandikia wakuu wa Kanisa huko Roma kwamba kazi haitasimama Afrika ila iwe mikononi mwa mapadre Waafrika. Tusimfanye malaika: naye aliwaona watu wetu kuwa wanyonge wa kuhurumiwa kupita kiasi, kama walivyoona wengi wa zama zake. Lakini yale aliyoagiza yaliyapita mawazo ya zama hizo.

Mwaka wa 1848 kundi lake likaunganishwa na Shirika la Roho Mtakatifu, naye akawa Mkuu. Mwaka huo huo Ufaransa ilifuta utumwa katika makoloni yake. Akafariki tarehe 2 Februari 1852, hajatimiza miaka 50.

Je, wanawe waliitii barua ile? Jibu ni la nusu kwa nusu. Walifika Unguja mwaka wa 1863, na Bagamoyo mwaka wa 1868, wakawakomboa watoto kwa fedha na kuwalea. Lakini maisha ya vijiji vyao yaliongozwa na kengele na ratiba ya Kizungu, na wako waliokombolewa ambao baadaye walitoroka. Kumwambia mtu avue Uzungu ni rahisi ukiwa mezani na kalamu. Kuuvua mchana, katika joto, mbele ya watu mia wanaokutegemea kwa chakula, ni jambo jingine. Na kuhusu mapadre Waafrika, barua ilingoja sana.

Mnamo mwaka wa 1931 alizaliwa Mwala mtoto aliyeitwa Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki. Alipadirishwa mwaka wa 1961, katika jimbo lililokuwa likiongozwa na Askofu Mkuu John Joseph McCarthy, mwanashirika wa Roho Mtakatifu. Jimbo la Machakos lilipoundwa mwaka wa 1969, Ndingi akawa askofu wake wa kwanza, na mapadre wageni wa shirika la Libermann waliokuwa wakifanya kazi Ukambani wakawa chini ya mwana wa Mwala. Tangu barua ile iandikwe ilikuwa imepita miaka 122.