Kidole cha Hogan na Madaftari Yangu Manne

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka naomba nikiri mwenyewe. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tano, nimeishia kidato cha nne, naandika riwaya ambayo hakuna aliyenituma kuiandika, na miezi kadhaa sasa nimeimaliza nikitazama mieleka. Tena si mieleka ya juzi. Ni kipindi cha Marekani kilichokufa mwaka 2001, mimi nikiwa bado nanyonya.

Wa kulaumiwa ni mjomba wangu. Miaka ya tisini alikuwa analinda mlango wa kibanda cha video huku kwetu Manzese, anakusanya hela za kiingilio, anafukuza watoto wanaochungulia kwenye matundu ya mabati. Pale kibandani kulikuwa na sheria moja inayojulikana na kila mtu: steringi hafi. Atapigwa, atavuja damu, atatupwa mtoni, lakini mwisho wa mkanda lazima asimame. Na katika mieleka, steringi wao alikuwa Hulk Hogan, yule mwenye masharubu ya manjano na fulana ya kuchanwa.

Julai 2025 Hogan alipofariki, mjomba alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanyamaza kidogo. "Mjomba," akaniambia, "we si unajifanya msomi? Hebu nitafutie jambo. Uliletwa mkanda mmoja Hogan kageuka adui. Tukagombana pale kibandani mpaka benchi likavunjika. Mikanda iliyofuata haikuja. Hivi ile hadithi iliishaje?"

Swali dogo tu. Nikaenda kwa mshikaji wangu mwenye kompyuta iliyojaa vipindi vya zamani, nikaketi. Na haya ndiyo niliyoyapata.

Kipindi chenyewe kiliitwa Monday Nitro, cha kampuni ya mieleka ya WCW, iliyokuwa mali ya tajiri wa televisheni Ted Turner. Kilirushwa mara ya kwanza tarehe 4 Septemba 1995, si kutoka uwanjani bali katikati ya duka kubwa la Mall of America, jimbo la Minnesota. Watu wamesimama kwenye ghorofa wanachungulia chini kama wako harusini. Mpinzani wake alikuwa Raw, kipindi cha kampuni ya WWF ya Vince McMahon, kilichokuwa kinashika Jumatatu tangu Januari 1993. Wiki ile ya kwanza Raw haikuonyeshwa kwa sababu ya tenisi. Nitro ikaingia mlango ukiwa wazi.

Usiku huohuo wakafanya kitu kilichowashtua wote. Katikati ya pambano la Ric Flair na Sting akatokea Lex Luger anatembea tu, mikono mitupu. Luger alikuwa mtu wa WWF! Jana yake tu alikuwa kwenye ulingo wa akina McMahon. Hapo watazamaji wakafahamishwa kwamba Jumatatu hii mpya lolote laweza kutokea. Na kwa kuwa Nitro ilikuwa laivu, wakati Raw mara nyingi ilikuwa imerekodiwa siku za nyuma, bosi wa Nitro, Eric Bischoff, alikuwa anakaa kwenye meza ya utangazaji na kuwaambia watu matokeo ya Raw kabla Raw haijayaonyesha. Roho mbaya hiyo, bwana! Lakini ilifanya kazi. Kumbuka hila hii, msomaji, maana itarudi. Desemba 1995 wakamleta Madusa, aliyekuwa bingwa wa kike wa WWF, akaushika mkanda wa ubingwa wa kule alikotoka na kuutupa kwenye pipa la taka mbele ya kamera.

Kisha ukaja mwaka 1996, na hapo ndipo kipindi kilipogeuka kuwa hadithi hasa. Tarehe 27 Mei, Scott Hall, naye wa WWF, akatokea katikati ya watazamaji, akaruka kizuizi, akashika kipaza sauti na kutangaza vita. Wiki mbili baadaye akafuatwa na Kevin Nash, jitu lenye urefu wa mlango na nusu. Wakasema wana mwenzao wa tatu, hawamtaji. Nchi nzima inajiuliza, nani? Tarehe 7 Julai, huko Daytona Beach, Hogan akaja kuelekea ulingoni. Watu wakashangilia, mkombozi kafika. Akamdondokea Randy Savage, rafiki aliyekuwa amelala chini. Yeye ndiye wa tatu. Nimeitazama sehemu hiyo mara sita. Ulingo unajaa makopo na takataka wanazorusha watu, na Hogan anasimama katikati anawatukana hao hao waliomlea.

Huo ndio mkanda uliovunja benchi Manzese.

Najua kuna msomaji anayenong'ona hapo: "Lakini si ni maigizo?" Ndiyo, ni maigizo. Mshindi hupangwa kabla. Lakini na riwaya je? Mwandishi anajua nani atakufa ukurasa wa mia mbili, na bado machozi ya msomaji ni ya kweli. Anayelipa kiingilio hadanganywi. Amekubali mwenyewe kuukopesha moyo wake kwa saa mbili. Analodai ni kitu kimoja: usiuchezee huo moyo. Nilipoanza kulielewa hilo ndipo nilipoacha kutazama kama mtoto, nikachukua kalamu.

Maana Nitro ilipanda mno. Kuanzia Juni 1996 iliishinda Raw wiki 83 mfululizo. Na katika muda huo ilijenga kisasi kimoja kizuri kuliko vyote. Sting, mtu wa nyumbani aliyeshukiwa na wenzake kwamba amewasaliti, alikasirika akaacha kupigana. Akajipaka uso rangi nyeupe na nyeusi, akawa anakaa juu kwenye mapaa ya viwanja, anatazama, hasemi. Zaidi ya mwaka mzima hasemi! Kila Jumatatu watu wanainua macho kumtafuta. Ahadi ilikuwa moja: siku atakaposhuka, Hogan atalipa.

Akashuka tarehe 28 Desemba 1997, huko Washington. Msomaji, mimi nilikuwa nimekunja ngumi mbele ya kompyuta. Hogan akampiga, akamlaza, refa akahesabu moja, mbili, tatu. Hesabu ile tuliambiwa ni ya haraka, ya hila, lakini macho yangu yaliiona ni hesabu ya kawaida kabisa. Akaja Bret Hart kusema haki haikutendeka, pambano likaanzishwa upya, Sting akashinda. Ndiyo, alishinda. Lakini ilikuwa kama mtu aliyesubiri pilau tangu asubuhi akaletewa imeungua: chakula kipo, hamu haipo. Aprili 1998, Raw ikaivunja ile rekodi ya wiki 83.

Kosa halikuwa hilo tu. Nitro ilikuwa na vijana wembamba, wepesi kama ndege, akina Rey Mysterio na Eddie Guerrero, waliokuwa wanafungua kipindi kwa mapambano yanayokufanya usimame. Lakini waliishia hapohapo kwenye kufungua. Juu walikaa wakubwa walewale, na Hogan alikuwa na mkataba unaompa sauti juu ya namna hadithi yake inavyokwenda. Februari 1999 wakamvua Mysterio kinyago chake baada ya kushindwa na Hall na Nash. Kwa Wameksiko kinyago cha mwanamieleka ni jina lake na heshima yake, hakivuliwi hivihivi usiku wowote tu. Mwanzoni mwa mwaka 2000 Guerrero na wenzake watatu wakahamia WWF.

Sasa nifike kwenye kidole.

Mwaka 1998 walipata steringi mpya, Bill Goldberg, asiyesema sana na asiyeshindwa. Julai mwaka huo alimpiga Hogan na kuchukua ubingwa mbele ya makumi ya maelfu ya watu mjini Atlanta. Tarehe 27 Desemba 1998 wakamfanya ashindwe na Nash, tena kwa hila ya kifaa cha umeme. Sawa, steringi huanguka ili ainuke. Marudiano yakaahidiwa Jumatatu ya tarehe 4 Januari 1999, palepale Atlanta. Siku ilipofika, katika hadithi yao, Goldberg akakamatwa na polisi kwa tuhuma za uongo, na nafasi yake akaichukua Hogan. Kengele ikalia. Nash akamsukuma Hogan. Hogan akainua kidole kimoja, akamgusa Nash kifuani. Jitu lile likaanguka chali kama limepigwa risasi. Moja, mbili, tatu, Hogan bingwa, wote wanakumbatiana wanacheka. Walikuwa wamekula njama tangu mwanzo.

Usiku huohuo walirudia ile hila yao ya zamani. Raw ilikuwa imerekodiwa siku chache kabla, na mtangazaji wa Nitro, Tony Schiavone, akaagizwa awaambie watu kwamba upande wa pili Mick Foley atashinda ubingwa, tena aseme kwa kejeli. Foley alikuwa mtu mnene, aliyepoteza sikio ulingoni, asiye na sura ya bingwa. Walidhani watu watacheka. Badala yake nyumba zinazokadiriwa kuwa mamia ya maelfu zilibadilisha chaneli papo hapo kwenda kumwona akishinda! Mwisho wa usiku Raw ilipata alama 5.7, Nitro 5.0.

Nimelifikiria sana tukio hili. Watu walikuwa wameambiwa mwisho, na bado walikimbia kwenda kuutazama. Kumbe hatufuati hadithi ili tu kujua nani kashinda. Tunataka kuwapo aliyeteseka anapopata. Upande mmoja walipewa hicho, upande mwingine walichekwa.

Sitaki kusema kidole peke yake kiliua kampuni. Historia haiendi hivyo. Fedha zilikuwa zinamwagika, waandishi wa hadithi wanabadilishwa kila mara, na kampuni ya Turner ilikuwa imeingizwa ndani ya kampuni kubwa zaidi ambayo viongozi wake wapya hawakutaka mieleka kwenye televisheni zao. Machi 2001 McMahon akainunua WCW. Nitro ya mwisho ilikuwa tarehe 26 Machi 2001, Panama City Beach, Florida. Pambano la mwisho? Flair na Sting, wale wale wa usiku wa kwanza. Sting akashinda, wakakumbatiana. Dakika hizo chache zilikuwa safi, hazina hila. Nikajiuliza, kwani mlikuwa mnaweza?

Na madaftari? Nifike.

Miaka miwili iliyopita niliandika hadithi kwenye madaftari ya shule, ya msichana anayemtafuta baba yake kutoka stesheni hadi stesheni kwenye reli ya Tanga. Daftari la kwanza lilizunguka saluni ya dada mmoja jirani yetu mpaka likachakaa. La pili walikuwa wananigongea mlango kulidai. La tatu, dada yule aliniambia alilisoma akaunguza nywele za mteja. Nikavimba kichwa. Katika daftari la nne msichana anamwona baba, anamkimbilia, wanashikana mikono, na hapo nikaandika kwamba aliamka, ilikuwa ndoto. Nilitaka kupata daftari la tano. Dada alilirudisha bila neno, akaliweka juu ya ndoo ya maji pale mlangoni. La tano hakuliulizia. Mimi nikasema watu wa mtaani hawajui fasihi.

Nilipomaliza kutazama nilikwenda kwa mjomba. Nikamweleza yote, kuanzia pipa la taka hadi kukumbatiana kule Florida. Nilipofika kwenye kidole akanisimamisha.

"Kamgusa tu?"

"Kamgusa tu, mjomba."

"Na watu wamelipa kiingilio?"

"Wamelipa."

Akatikisa kichwa, akatazama barabarani. "Sisi pale kibandani," akasema, "mkanda ukikwama kabla ya mwisho, tulikuwa tunawarudishia watu hela zao."

Nimerudi nyumbani nikalichana lile karatasi la ndoto. Msichana anamwona baba yake stesheni ya Korogwe, mchana kweupe, na wanakaa chini kuzungumza. Sijui kama dada wa saluni atakubali kulisoma. Kesho nitampelekea, nitamwamkia, na nitasubiri nje.