Koni ya chungwa na warithi wake

Ingia kwenye kibanda cha kuuza muvi Kariakoo, chomeka flashi yako, faili likatae kufunguka. Kijana wa pale atakwambia, "Fungulia VLC, kaka." Alama yake, ile koni ya barabarani ya chungwa na nyeupe, tumeizoea. Leseni yake ndiyo wengi hatuijui, na ina kisa kizito.

VLC ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa chuo. Februari 1, 2001 chuo kiliridhia itolewe kwa leseni ya GPL: chukua, tumia, rekebisha, mgawie mwenzio, ila ukiisambaza, nawe toa msimbo wako kwa masharti yaleyale.

Januari 2011 Apple iliiondoa VLC kwenye duka lake la programu za iPhone. Rémi Denis-Courmont, mmoja wa walioiandika, alikuwa amelalamika kwamba masharti ya duka hilo yanabana uhuru uliotolewa na GPL. Naona alikuwa na haki kabisa. Msimbo ule ulikuwa jasho lake pia.

Lakini kulikuwa na watu waliotaka kutumia injini ya VLC ndani ya programu zao wakaiogopa GPL. Jean-Baptiste Kempf, kiongozi wa mradi, akataka injini hiyo ihamie LGPL, leseni iliyo laini zaidi, inayokubali kutumika hata ndani ya programu zisizo huria.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Shamba la urithi haliuzwi na kaka mkubwa peke yake, na VLC ilikuwa shamba la namna hiyo: kila aliyeandika alibaki na hakimiliki ya mistari yake. Ikabidi kuchambua kumbukumbu za mradi, faili kwa faili, kuona nani aliandika nini, kisha kuwasaka watu zaidi ya 200. Wengine walichangia wakiwa wanafunzi, wakahitimu, wakaendelea na maisha yao. Anwani ya barua pepe ya chuo haisomwi tena na mtu. Pasipopatikana ridhaa, kipande kiliandikwa upya au kikaachwa chini ya GPL.

Kiini cha injini kilihamishwa kwenda LGPL mwishoni mwa 2011, moduli nyingi za kuchezea video Novemba 2012. Julai 2013 koni ilirudi kwenye iPhone.