Ituri Ilivyochagua Bawa la Juu

Mwaka 2025 MAF, shirika la ndege za misioni ambalo watu wa Bunia hapa Ituri wanalijua vizuri, lilitimiza miaka 80. Lilianzishwa Marekani mwaka 1945 na marubani waliotumika katika Vita vya Pili vya Dunia, likafika Kongo miaka ya 1960. Ndege zilizolipatia jina huku, Cessna 206 na baadaye Caravan, zina mabawa juu ya madirisha.

Mabishano ya marubani kuhusu bawa yalipamba moto mwaka 1960, Piper iliporusha Cherokee ya bawa la chini kushindana na Cessna 172 ya bawa la juu, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955. Wapenzi wa Cherokee wana hoja: rubani akikata kona kuelekea kiwanjani, bawa halimfichi njia, na kujaza mafuta hakuhitaji ngazi. Wapinzani wao hujibu kwamba petroli ya 172 inashuka yenyewe hadi kwenye injini, ilhali ya Cherokee hupandishwa kwa pampu, na rubani asisahau kubadilisha tangi, la kushoto kisha la kulia.

Huku kwetu ardhi ndiyo iliyokata kesi. Kwenye viwanja vya majani, bawa la juu hupita salama juu ya visiki na vichuguu. Chukua hospitali ya Nyankunde, iliyokuzwa na daktari mmisionari Carl Becker. Mgonjwa wa machela akiletwa, wauguzi wanapita chini ya bawa, wanafungua milango miwili ya nyuma ya 206, na machela inaingia. Cherokee ina mlango mmoja tu, nao uko juu ya bawa: anayepanda sharti akanyage bawa kwanza. Asiyeweza kusimama atapandaje?

Tarehe 5 Septemba 2002 wanamgambo waliivamia Nyankunde hiyo hiyo, wakaua mamia ya watu, hata wagonjwa vitandani. Walionusurika walitembea zaidi ya kilomita 100 hadi Oicha.

Baada ya misukosuko hiyo, leo ndege za MAF zinaruka kutoka Bunia. Kinachouma ni viwanja vya vijijini, ambavyo mara nyingi vinategemea mapanga ya wanakijiji kufyeka nyasi. Uongozi wa jimbo uviingize kwenye bajeti ya barabara. Vita vikifunga njia, mama aliyeshindwa kujifungua hana namna nyingine ya kumfikia daktari ila ndege.