Kiapo cha Vijana Wanne

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Lois Duncan, mwandishi aliyekuwa ndiyo kwanza anatafuta jina, alipeleka mswada wa riwaya kwenye shindano la wachapishaji wa vitabu vya vijana nchini Marekani. Mswada ukarudishwa. Kosa lake lilikuwa kwamba kijana mmoja wa miaka 19 alikunywa bia. Duncan akafuta bia, akaweka soda, akaupeleka tena, na safari hii akashinda. Riwaya hiyo, Debutante Hill, ilichapishwa mwaka 1958.

Miaka 15 baadaye, mwandishi yuleyule alitoa I Know What You Did Last Summer, kisa cha vijana wanne waliomgonga mtoto kwa gari na kukimbia.

Katikati ya vitabu hivyo viwili, fani nzima ilikuwa imegeuka. Mwaka 1967 S. E. Hinton, binti wa Tulsa aliyeanza kuandika akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alichapisha The Outsiders, riwaya ya magenge, visu na vifo. Vijana waliipokea kwa mikono miwili, na ikadhihirika kwamba walikuwa tayari kusoma habari za maisha yasiyopakwa sukari. Duncan, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Albuquerque, New Mexico, aliingia katika mlango huo akiwa na swali zito kuliko la bia: kijana mwema akishiriki kutenda ovu, ataishi nalo vipi?

Jibu lake, katika kisa hicho cha vijana wanne, liko ndani ya gari. Vijana wanatoka kujiburudisha milimani, na mmoja wao, Barry, ndiye aliyeshika usukani. Mtoto yuko njiani na baiskeli yake, usiku. Wanamgonga, hawasimami. Mbele kidogo wanapiga simu kuomba msaada bila kujitaja, kisha wanabishana. Mwenzao Julie anataka warudi. Wanapiga kura, Julie anashindwa, na wote wanakula kiapo cha kunyamaza. Mtoto anafariki.

Hapo ndipo uhodari wa Duncan unapoonekana. Hakuhitaji zimwi wala damu. Anaonyesha jinsi siri inavyowala wenyewe polepole: mwenzao mwingine, Ray, anahamia California, Julie anajifungia katika masomo, urafiki uliokuwa wa kufa na kuzikana unageuka kuwa wa kuchungana. Barua fupi isiyo na jina inapomfikia Julie, kila mmoja anaanza kuwatazama wenzake kwa jicho la wasiwasi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 1978 alirudia jeraha hilohilo katika Killing Mr. Griffin. Wanafunzi wanamteka mwalimu wao mkali ili wamtie hofu tu, naye anawafia mikononi. Kwa mara nyingine, wanaficha.

Kisha jambo lililokuwa likikaa vitabuni likaingia nyumbani kwake. Julai 1989, binti yake wa mwisho, mwenye miaka 18, alipigwa risasi akiendesha gari mjini Albuquerque, akafa. Kesi haikufika popote. Duncan aliacha kuandika riwaya za taharuki kwa miaka kadhaa. Mwaka 1992 alitoa Who Killed My Daughter?, akitumaini kwamba mtu anayejua kitu angejitokeza na kusema. Mama huyu sasa alikuwa upande wa pili wa siri, miongoni mwa wanaosubiri wengine wafungue midomo.

Ndiyo maana filamu ya mwaka 1997 iliyotokana na I Know What You Did Last Summer ilimuumiza sana. Watengenezaji walichukua jina la kitabu na wahusika wake, wakaongeza muuaji aliyevaa koti la mvuvi na kushika ndoano, akiua mmoja baada ya mwingine. Katika kitabu, wote wanne wanabaki hai. Duncan alisema wazi kwamba alichukizwa kuona mauaji yakifanywa burudani, na alikuwa na kila haki ya kusema hivyo. Filamu ilipata mamilioni ya watazamaji, lakini kura iliyopigwa garini, kiini cha kisa chote, ilimezwa na makelele.

Duncan alifariki Juni 2016, muuaji wa bintiye akiwa bado hajulikani. Mwaka 2022 mwanamume mmoja alishtakiwa kwa mauaji hayo, baada ya kukiri kwa polisi kwamba yeye ndiye aliyefyatua risasi, zaidi ya miaka 30 nyuma.