Ufalme wa Karagwe na Zama za Omukama Rumanyika

Kabla Kyerwa haijamegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya mwaka 2012, na kabla hata ya hizo wilaya zenyewe kuwapo, nchi hii ya vilima na malisho, tangu Ziwa Burigi hadi Mto Kagera, ilikuwa chini ya kiti kimoja cha enzi. Ukoo wa kifalme wa Wahinda ulikikalia kwa karne kadhaa, mpaka utawala wa machifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963. Kati ya wote waliotawala, jina linalotajwa zaidi hadi leo ni la Omukama, yaani mfalme, Rumanyika wa Kwanza, Orugundu.

Masimulizi ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, yanamtaja Ruhinda kuwa ndiye mwanzilishi wa utawala huo, baada ya kuitwaa nchi kutoka kwa Nono wa ukoo wa Wasita. Uzao wake ulienea mbali: Wahinda walitawala pia Ihangiro, Uzinza, na Nkore iliyopo Uganda ya leo. Katika Karagwe, makao makuu yalikuwa Bweranyange. Enzi ya Omukama ilisimama juu ya ng'ombe na chuma. Ng'ombe ndio waliomfungamanisha na watu wake, na kazi ya wahunzi ndiyo iliyompa heshima. Ndiyo maana hazina ya kifalme ilikuwa na mikuki, nyundo za wahunzi na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma.

Rumanyika alitawazwa katikati ya miaka ya 1850, baada ya kufariki baba yake, Ndagara. Haikuwa rahisi. Ndugu zake nao walikitaka kiti, na mmoja wao, ambaye mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliandika jina lake Rogero, alishika silaha. Speke anaeleza jinsi mrithi alivyopimwa: wana wa mfalme waliwekewa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini iliyofanyiwa dawa hata asiyestahili asiweze kuiinua. Rumanyika akaiinua. Hata hivyo ngoma peke yake haikumaliza ugomvi. Alisaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na makazi Tabora, na bunduki za watu wake.

Tangu hapo Omukama alielewa kwamba wageni ni nguvu, ikiwa watatumiwa kwa busara. Njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Buganda ilipita kwake. Watawala wengi wa njiani walikuwa wakitoza misafara hongo nzito, yaani ushuru wa njia; Rumanyika hakutoza. Speke na mwenzake James Grant walipoingia nchini mwaka 1861, wakuu wa vijiji walikuwa wameagizwa kuwapa chakula kwa gharama ya Omukama. Pale Kafuro wafanyabiashara Waarabu walikuwa na kituo chao cha vitambaa, shanga na pembe za ndovu. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, aliishi Karagwe miaka mingi.

Speke alifika ikulu Novemba 1861 na kukuta mwenyeji mpole, mwenye maswali mengi kuhusu dunia. Alipoondoka mwezi Januari kwenda Buganda, Grant alibaki akiuguza mguu chini ya uangalizi wa Omukama. Katika mazungumzo ya Omukama na wageni hao liliibuka wazo la kuwapeleka wana wa mfalme Uingereza wakasome, na Rumanyika akakubali kutoa vijana wawili. Hawakuondoka. Hapo ndipo historia ya Karagwe ingeweza kushika njia nyingine.

Ili kuiona njia hiyo, tuitazame Japani ya miaka hiyohiyo. Mwaka 1867 kijana wa miaka 14, Mutsuhito, anayejulikana zaidi kama Meiji, alirithi kiti cha nchi iliyokuwa imelazimishwa na meli za Marekani kufungua bandari zake. Mwaka 1871 serikali yake ilituma ujumbe mkubwa Marekani na Ulaya, pamoja na makumi ya wanafunzi. Mwaka uliofuata ikatoa amri ya elimu kwa wote na kufungua reli ya kwanza, na mwaka 1889 nchi ikapata katiba. Meiji alipofariki mwaka 1912, mageuzi hayakufa naye, kwa kuwa yalikuwa yameshikwa na shule, wizara na sheria.

Karagwe ilikuwa ndogo, mbali na bahari, na haikupewa muda. Lakini pia milango yake ilifunguliwa kwa hekima ya mtu mmoja. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipomtembelea Rumanyika mwaka 1876, Omukama mzee alimwonyesha nyumba ya hazina yenye sanamu za shaba za ndege na ng'ombe. Miaka michache baadaye alifariki, na ndugu na wana wakagombea kiti hadi kumwaga damu. Biashara nayo ilizidi kuhamia Ziwa Victoria, na Kafuro ikapoteza maana. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ya miaka ya 1890 ikafagia mifugo. Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, Karagwe haikuwa na nguvu ya kujadiliana naye.

Chini ya Wajerumani, kisha Waingereza, Omukama aligeuka mtumishi wa serikali ya kikoloni, hadi Tanganyika huru ilipofuta machifu. Jina halikufutika. Mwaka 2019 pori la akiba lililobeba jina la mfalme huyu lilipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, na jirani yake ikawa Ibanda-Kyerwa. Profesa Israel Katoke naye alituachia kitabu cha historia ya ufalme huu, kilichochapishwa mwaka 1975.

Hifadhi inalinda wanyama. Kumbukumbu hailindwi na askari wa wanyamapori. Bweranyange inastahili kutunzwa kama urithi wa taifa, na masimulizi ya wazee wa Karagwe na Kyerwa yarekodiwe kwa Kinyambo na Kiswahili, yafundishwe shuleni. Rumanyika alikuwa tayari kuwatuma wanawe mbali wakatafute elimu. Watoto wa leo wasikose kumjua yeye wakiwa hapahapa nyumbani.