Pamba Juu ya Mti wa Krismasi

Mti wa Krismasi ulikuwa desturi ya Wajerumani. Mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapisha picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao wakiuzunguka mti huo, na desturi ikaenea Uingereza. Kwetu Uganda theluji iko vileleni mwa Rwenzori tu. Kwa hiyo mama hubandika pamba juu ya tawi la msaipresi lililopinda. Wengine husema tunaiga wazungu. Mimi nakumbuka kwamba mbegu za pamba ya biashara zililetwa hapa mwaka 1903 ili kulisha viwanda vya Uingereza. Zao walilolilima babu zetu kwa ajili ya wengine leo linapamba sikukuu yetu wenyewe.