Kutoka Bombay mpaka Makambako: nani anabaki na sauti yako?

Wadau, leo tuongee kidogo kuhusu mashine. Msikimbie, ni historia yetu wenyewe. Ukitaka kuuelewa muziki wa Tanzania, angalia mwanamuziki alisafiri umbali gani ili arekodi, halafu uliza: aliporudi nyumbani, nani alibaki na sauti yake?

Tuanze na Siti binti Saad. Mwaka 1928 yeye na wenzake walitoka Unguja wakavuka bahari mpaka Bombay, India, kurekodi santuri za HMV. Sauti ya Unguja ikarudi Unguja ikiwa bidhaa ya dukani.

Redio ya Dar es Salaam ilianza 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania. Bendi ziliingia studio za RTD, wote wakapiga kwa pamoja huku mkanda ukizunguka. Mpiga gita akikosea, mnarudia wote. Wimbo ukasikika nchi nzima, mkanda ukabaki kwenye makabati ya redio. Waliotaka santuri walivuka mpaka. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alirekodi Nairobi, na akina Kinyonga wa Simba Wanyika, watoto wa Tanga, wakahamia huko kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Sasa sikia kilichotokea kwa wenzetu. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa Portastudio 144, kinasa sauti cha treki nne kinachotumia kaseti ya kawaida. Treki ni njia moja ya sauti. Gita unaliweka kwenye ya kwanza, unarudisha kaseti nyuma, unasikiliza kwa hedifoni huku ukiimba kwenye ya pili. Mtu mmoja anakuwa bendi nzima. Bruce Springsteen alirekodi hivyo nyumbani New Jersey, na kaseti yake ikawa albamu ya Nebraska mwaka 1982. Mwaka 1996 Roland wakaleta VS-880, treki nane ndani ya diski, bila kaseti na bila kompyuta.

Huku kwetu miaka ya 1990 ilileta redio binafsi, Radio One ikianza 1994, na studio kama MJ na Bongo Records. Bongo Fleva ikazaliwa. Lakini fikiria kwaya ya Njombe wakati huo. Kutoka Makambako hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600. Watu thelathini, nauli, malazi, chakula, halafu saa za studio zinahesabiwa! Leo studio zipo mpaka mikoani na safari imefupika. Swali letu ni lilelile. Kwaya inarudi na nyimbo zilizokwisha kuchanganywa, zile treki zenyewe zinabaki kwenye kompyuta ya studio. Kompyuta ikiharibika au ikifutwa, basi tena. Ukitaka kurekebisha sauti ya pili miaka mitano baadaye, hakuna cha kurekebisha.

Ndiyo maana nikiulizwa na watu wa Njombe wanunue nini, siwaambii kompyuta kwanza. Nawaambia kinasa sauti cha treki nyingi kinachojitegemea, na wakague mambo matatu.

Moja, maiki ngapi zinarekodi kwa mpigo. Hapa wengi wanauziwa namba. Tascam DP-008 ina treki nane, lakini inarekodi mbili tu kwa wakati mmoja. Kwa msanii mmoja na gita lake inatosha. Zoom R16 iliyotoka 2009 inarekodi nane kwa pamoja na kupiga kumi na sita, kwa hiyo sauti nne za kwaya, kinanda na ngoma kila kimoja kinapata njia yake. Hata ukiipata ya mtumba, ina faida. Simu nayo siku hizi inarekodi treki nyingi, ila jaribu kuichomeka maiki nane uone.

Mbili, umeme. Tunaokumbuka mgawo wa 2006 hatuhitaji kuelezwa. R16 inakubali betri sita za AA, DP-008 nne. Huko Kitulo, uwanda wa mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, ile hifadhi ya maua iliyotangazwa rasmi 2005 na ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, baridi inamaliza betri za kawaida haraka. Chukua zile za kuchaji, na za akiba zikae mfukoni mwa koti. Maiki ivalishe sponji, maana upepo wa kule hauna adabu.

Tatu, na hili ndilo kubwa: treki zinatokaje? Mashine ikupe kila treki kama faili la WAV linalofunguka kwenye kompyuta yoyote. Kwa ubora wa CD, treki moja inakula kama megabaiti 5 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano wenye treki nane ni kama megabaiti 200, hivyo kadi ya gigabaiti 32 inabeba nyimbo zaidi ya mia. Nakili kadi hiyo sehemu mbili tofauti, moja kwa katibu, nyingine kwa mwalimu wa kwaya.

Studio bado zina kazi. Nendeni kwa prodyuza mwenye masikio mazuri awachanganyie, ila mwende na treki zenu na mrudi nazo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi, lakini hakuna sheria inayoweza kurudisha treki iliyofutwa. Nyimbo za Kikinga na Kibena zinazoimbwa Makete na Njombe ziko vichwani mwa wazee wengi kuliko zilizo kwenye kanda. Wazee hawatusubiri, na sasa mashine ya kuwarekodi inaingia kwenye begi la mgongoni.

Nawasilisha.